Ng'ambo ya Kulipia

4 Februari

Mwanangu Chiriku,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi huku hatujambo. Goti la baba yako limepoa, na tangu lipoe anapaka rangi milango yote ya nyumba, hata ile isiyoomba. Mama yako anasema akimaliza milango atahamia kwake. Dada yako mkubwa ameingiza cherehani zake mbili kwenye chumba cha mbele, na naambiwa zikianza kazi vikombe vinacheza kabatini.

Nimesikia umenipigia simu mara tatu sikupokea. Usidhani ni kiburi. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye swichibodi nikiunganisha simu za watu, nikisema "subiri kidogo" mpaka nikawa naisema usingizini. Nimestaafu kazi, nimestaafu na simu. Andika barua. Barua haikatiki katikati.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ule mchezo wenu wa mtandaoni, Bonde, nimeuingia. Cheka umalize. Jirani yangu, yule muuguzi mstaafu, aliniwekea kwenye kompyuta siku moja ya mvua mwezi wa nane, akasema nijaribu nusu saa. Leo nina nyumba kando ya mto, shamba la maboga, na kazi ya kupeleka vifurushi kwa wenyeji. Ninao pia wenzangu watatu. Hatujuani sura wala majina, kila mtu ameingia kwa jina la kazi yake. Mimi ni Opereta. Yuko Fundi Saa, ambaye kweli hutengeneza saa, na huandika taratibu kama aliyeshika kibanio. Yuko Mkunga, anachezea kwenye simu kuukuu ambayo akikimbia sana inazima. Na Mwashi, asiye na subira hata ya kusoma kibao cha njia. Saa kumi jioni tunakutana, tunaandikiana yale maneno yanayopita chini ya kioo, na mafuriko yakivunja daraja tunalishika kwa kamba watu wanne na kulisimamisha tena.

Ninachotaka kujua ni hiki. Kila baada ya wiki sita tunakuta kitu kipya: mara kinu cha maji, mara pango ambalo jana halikuwepo, mara mbuzi. Hatulipi chochote. Pale shirika la simu sikumbuki mtu kupewa hata dakika moja ya bure. Sasa nani anakulipa wewe kwa mbuzi? Na nani huamua awe mbuzi, asiwe ng'ombe? Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, kwa hiyo nimeuliza.

Shangazi yako


11 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Samahani, barua yako imelala mezani wiki tatu, na kila nikiiona najisikia vibaya. Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kukodolea kioo. Nimehamia chumba kilicho karibu na kazini. Dirisha linatazama kiwanda cha magodoro, na upepo ukivuma pamba inaingia hadi kwenye chai. Mpe baba pole ya goti, na milango nayo uipe pole.

Ile sehemu ya mbuzi niliwasomea wenzangu kazini. Mbuzi ni wangu! Tulikuwa tumebakiwa na siku tisa, na mchoraji wetu alikuwa na mbuzi aliyemchora kwa kazi nyingine ikaachwa. Ng'ombe angetuchukua mwezi, kwa sababu ya pembe na kwa sababu ya namna anavyolala.

Kuhusu nani anatulipa, jibu ni kofia. Katika watu hamsini wanaocheza, mmoja hununua kofia au joho la kujipamba, na huyo mmoja ndiye anayewabeba wale arobaini na tisa. Nimekuangalia kwenye orodha, Shangazi, hujawahi kununua hata kitambaa cha kichwa.

Lakini kofia zimepungua. Kwa hiyo wakubwa wameamua, na ninakuambia kabla hawajatangaza: tangu mwaka jana tunatengeneza kimyakimya nchi nzima mpya, nyuma ya ile milima. Inaitwa Ng'ambo. Anayeitaka atailipia mara moja tu, inakuwa yake.

Najua utasema nini. Nisikilize kwanza. Nyongeza za bure zinamchosha mtu. Wiki sita, toa. Wiki sita, toa tena. Kile kinu unachokipenda hakina ndani. Ukifungua mlango utakuta weusi mtupu, kwa sababu siku ziliisha. Kwa Ng'ambo nimepewa mwaka. Nimeandika watu arobaini, na wote wanasema kwa sauti za watu wa kweli. Tulileta waigizaji wakasimama kwenye chumba tulichokizungushia magodoro ya jirani. Kuna kinamasi unachokivuka kwa kusikiliza vyura: wanapolia ardhi ni ngumu, wanaponyamaza unazama. Tangu nianze kazi hii sijatengeneza kitu kizuri kama hicho. Ili kitimie kuna mambo tuliyapunguza, lakini hayo ni ya jikoni, mgeni haonyeshwi.

Wewe ungenunua?

Chiriku wako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na pamba moja ndani ya bahasha, nikajua hukuzidisha chumvi. Baba yako kamaliza milango, yuko kwenye madirisha. Dada yako ameharibu gauni la bibi harusi la watu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na amelishona upya bila kulala. Bibi harusi hajui, na usimwandikie.

Nilikwenda kukiona kinu. Nilifungua mlango. Kweli, weusi mtupu. Nilisimama pale kama mtu aliyeingia nyumba ya rafiki akakuta hana kitanda. Miezi yote nimekisifu kile kinu, kumbe wewe ulikiacha kwa huzuni. Sikuwa nimemfikiria mtu aliye upande wa pili wa zawadi.

Tangazo lilipotoka niliwauliza wenzangu, bila kusema kwamba nakujua. Mwashi atanunua siku ya kwanza, saa ya kwanza. Mkunga alisema simu yake haina nguvu ya kubeba nchi mbili, hata akipewa bure ya pili haitafunguka. "Nyie nendeni," aliandika, "mimi nitabaki na daraja." Fundi Saa alikutetea bila kukujua. Alisema kazi ya mtu si maji ya mvua, kwamba hata yeye wapo wanaomletea saa wakitaka aifungue "mara moja tu aangalie", kana kwamba kuangalia si kazi. Halafu akauliza: daraja linashikwa na watu wanne, sisi tukiondoka, ncha ya pili ya kamba atashika nani?

Hapo ndipo nilipokwama na mimi. Mkinipa bure, mnaniweka sehemu moja na Mkunga. Mkiniuzia, mnanipa nyumba yenye ndani, lakini Mkunga hayumo. Sijui lipi lizito. Nimelipima asubuhi hadi jioni na mzani hautulii.

Umeniuliza kama ningenunua. Hebu niambie kwanza: hao vyura wana rangi gani? Na hao watu arobaini, wakisema, midomo yao inafuata maneno, au inafunguka na kufumba tu kama ya samaki?

Shangazi yako


29 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, hii ni fupi. Kazini tunakula tukiwa tumesimama. Mimi mzima.

Utakuwa umeona nyongeza ya Aprili haikuja, wala ya mwezi huu. Wale watatu waliokuwa wakishughulikia Bonde wamehamishiwa Ng'ambo kwa muda. Nasema kwa muda kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa.

Vyura ni wa kijani, wana mstari wa njano mgongoni. Midomo inafunguka na kufumba tu, umepatia, kama samaki. Ulijuaje kuuliza hivyo? Hakuna mtu mwingine aliyeuliza, hata hapa ndani.

Baba ananiambia alikuita kutoka mlangoni mara nne, ukaendelea kumwagilia maua kana kwamba hayupo. Mmegombana? Yeye anasema hajui kosa lake ni nini, ila anahisi ni rangi aliyopaka dirisha lako.

Ndani ya karatasi hii nimekuandikia namba ndefu. Ukiiingiza tarehe 15 Julai, Ng'ambo itakufungukia bila malipo. Ni zawadi, wafanyakazi tumepewa moja moja. Yangu ni yako. Anza na kinamasi, kisha uniandikie.

Chiriku


9 Agosti

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimechelewa, na safari hii usiilaumu posta. Niliandika barua mbili nikazichana.

Habari za nyumbani ni njema. Dada yako amepata kazi ya kushona mapazia ya jengo zima la ofisi, cherehani hazipoi. Baba yako sijagombana naye, na rangi ya dirisha langu naipenda.

Sikumsikia. Sisikii, mwanangu. Sikio la kushoto lilianza kwenda nikiwa bado kazini, la kulia likalifuata, na tangu mwaka juzi umebaki mvumo kama wa jokofu. Daktari alinipa kifaa, nacho kazi yake ni kuukuza mvumo. Nilificha kwa aibu isiyo na akili. Mimi nilijulikana kwa masikio yangu. Wapigaji wengine niliwatambua kwa pumzi tu, kabla hawajasema. Sikutaka ndugu zangu waanze kunipigia kelele usoni, neno mojamoja, kama wanaomfundisha mtoto kuhesabu. Kule Bonde hakuna aliyejua. Maneno ya wote yalipita chini ya kioo, na wote tulikuwa sawa.

Nilitumia namba yako. Tulivuka milima watu watatu. Mkunga alitusindikiza hadi mwisho wa daraja, akabaki amesimama.

Ng'ambo ni nzuri. Nilifungua milango yote kumi na tisa ya mji wa kwanza na kila mmoja una ndani. Kuna vitanda, na chini ya vitanda kuna viatu. Nilifurahi kwa ajili yako kama ningekuwa mimi niliyeviweka. Halafu mwanamke mmoja kando ya kisima akafungua mdomo, akaufumba, akaufungua, akaondoka zake. Hakukupita neno hata moja chini ya kioo. Nikamfuata wa pili, naye hivyohivyo. Watu arobaini, wote samaki.

Kwenye kinamasi nilizama mara sita. Mwashi alikuwa ametutangulia zamani. Fundi Saa alikuwa ng'ambo ya matope, akaniandikia nifuate vyura. Nikazama ya saba. Akauliza, "Kwani huwasikii?"

Nilianza kuandika kwamba kompyuta imeharibika, nikafuta. Mwisho niliandika: "Hapana. Si kompyuta. Ni mimi, sisikii kitu."

Nilidhani atasema pole. Wengi husema pole, kisha mazungumzo hufa. Yeye alirudi, akavuka matope yote mpaka nilipokuwa, akaandika: "Sawa. Kaa nyuma yangu. Nikisimama, simama."

Tukavuka. Na tangu siku hiyo kila tunayekutana naye, Fundi Saa husikiliza, kisha ananiandikia alichosema, polepole, mstari kwa mstari. Inatuchukua jioni tatu kufanya kile Mwashi alichokifanya kwa saa moja. Miaka yote ile nilikuwa nawaunganisha wengine, sikujua kuunganishwa kuna raha gani.

Sikulaumu. Nina swali moja tu, na nauliza kwa kutaka kujua. Yale maandishi mliyasahau, au mliamua? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Shangazi yako


28 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kazini, na watu walipita wakinikanyaga vidole.

Tuliamua. Ngoja niseme sawasawa: niliamua mimi.

Ukutani kwetu kuna karatasi ndogo za kazi zilizobaki, na kila karatasi ina idadi ya wiki. Mwezi wa kumi na mbili ilibidi tupunguze. Moja iliandikwa "Maandishi chini ya mazungumzo, wiki tatu." Nyingine "Vyura, wiki tatu." Niliibandua ile ya kwanza kwa mkono wangu. Hakuna aliyenipinga. Kitu kikiwa cha kuuza, mtu huangalia kipi kitaonekana kwenye tangazo, na vyura wanaonekana. Nilijiambia maandishi yatakuja baadaye. Ndiyo yale ya jikoni niliyokuficha.

Uliponiuliza habari za midomo ningeweza kujua, lakini sikutaka kujua. Inaniuma kwamba hukuniambia, na najua sina haki ya kuumia.

Nilikwenda kwa mkuu wetu wa kazi. Alinipokea vizuri, akasema wazo ni jema, litaingia kwenye Ng'ambo ya Pili, itakayouzwa mwakani, na litapendeza kwenye orodha ya mambo mapya. Nikamwambia, "Hiyo si nchi mpya ya kuuza. Ni mlango wa nchi tuliyokwisha kuiuza."

Akaniuliza wako wangapi watu wa namna hiyo. Nikasema namjua mmoja.

Alinitazama, akatazama ukuta wenye karatasi, akasema nina wiki tatu na nisimchukue mtu yeyote kutoka kazi nyingine. Mchoraji wa mbuzi alikuja mwenyewe, akisema hakuchukuliwa, amepotea njia. Tumeandika kila neno la wale arobaini. Na kwenye kinamasi, vyura wanapolia matete yanatikisika, kwa hiyo njia inaonekana. Yanatoka tarehe 10 Oktoba, bure, kwa wote.

Nisikudanganye tena kwa upande wa pili. Bonde litapata kitu kipya mara mbili kwa mwaka basi, si kila wiki sita. Kwa ajili ya Mkunga niliwaomba wasipunguze, nikashindwa. Kinu hata hivyo nimekitengenezea ndani yake. Nilikuwa na Jumapili mbili. Simu yake itakifungua, nimejaribu kwenye simu kuukuu kuliko yake.

Baba nimemwambia kwamba husikii, nilikuomba ruhusa kwa moyo kwa sababu posta ingechelewa. Akauliza kama akuwekee taa nyekundu mlangoni ya kuwaka mtu akigonga. Desemba nakuja. Nitakaa mbele yako, penye mwanga, niseme taratibu bila kupiga kelele.

Chiriku


3 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Taa imewekwa. Baba yako anaiwasha hata kama hana la kusema, ili aone nikigeuka. Dada yako anakushonea kitu, amenikataza kukuambia ni nini, kwa hiyo sikuambii kwamba kina mifuko miwili.

Kwa kumwambia baba yako umenitua mzigo, ruhusa nakupa leo. Ile karatasi ya ukutani isikukoseshe usingizi. Mimi mwenyewe nilipokuwa kazini nilimkatia simu mtu aliyekuwa akilia ili nimuunganishe mkubwa mmoja wa shirika. Hakuna aliyenipinga pia. Ulirudi kulifungua ulilolifunga, wengine hatukupata nafasi hiyo.

Mkunga aliingia kwenye kinu kabla yetu. Alituandikia kwa herufi kubwa kwamba kuna ngazi ndani, na juu kuna dirisha, na dirishani unaona mto wote. Sasa Jumamosi tunarudi upande wa zamani, hata Mwashi, tunashika daraja watu wanne kisha tunapanda juu ya kinu tukakaa. Siku nyingine sisi watatu tuko Ng'ambo na yeye yuko peke yake. Si vizuri hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Ukiniuliza tena kipi bora, cha kulipia au cha bure, bado sijui. Nimegundua tu kwamba aliyeachwa nje haulizwi kamwe.

Maandishi yalitoka siku uliyosema. Siku hiyo Fundi Saa alikuwa na wateja, nikaingia peke yangu. Nilikwenda kwa bawabu wa lango la mawe, mtu tuliyekwisha kupita kwake mara nyingi, kwa sababu nilimpenda kuliko wote. Fundi Saa aliniandikia siku ya kwanza kwamba bawabu amefurahi kuona watu, siku nyingi hakuna aliyepita, na anauliza kama nimechoka, nikae kidogo kwenye jiwe lake. Nilikaa.

Bawabu akafungua mdomo. Chini ya kioo yakapita maneno: "Hakuna njia huku. Rudini."

Nikadhani nimekosea mtu. Nikaenda kwa mwanamke wa kisima, ambaye nilikuwa najua anamsubiri mwanawe na amemwekea maji ya kuoga. Yeye husema: "Maji ni ya chumvi. Nenda mjini." Nikazunguka kwa wote arobaini, jioni nzima. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusema niliyoyasoma. Fundi Saa alikuwa akisikiliza yako, kisha ananiandikia yake.

Nilijaribu kukasirika, sikuweza. Nilicheka mpaka nikajua nacheka kwa sauti, maana jirani muuguzi alikuja kuchungulia.

Usivunjike moyo. Nikiwa peke yangu maandishi nayawasha, nasoma kazi yako neno kwa neno, na ni nzuri, kavu kidogo. Fundi Saa akija nayazima. Sijamwambia kitu. Jana tulipita tena langoni, bawabu akafungua mdomo wake wa samaki akafumba, nami nikasimama nyuma ya Fundi Saa nikisubiri kuona leo atasema nini.

Shangazi yako